Proxima b: Umbali Unafaa, Lakini Je, Kuna Hewa?

Agosti 2016, wanasayansi wakiongozwa na Guillem Anglada-Escudé walitangaza kuwa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, ina sayari. Habari za "dunia ya pili" zikaenea. Tusifike huko haraka.

Sayari hiyo, Proxima b, hakuna aliyeiona. Darubini ya La Silla, Chile, ilipima mwanga wa nyota yenyewe, ikabaini kuwa nyota inayumba: mara inatujia, mara inarudi nyuma, kwa kilomita 5 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayetoka sokoni hapa kwetu Ogembo, Kenya, kwa miguu. Kutoka umbali wa miaka 4.2 ya mwanga, kupima mwendo mdogo hivyo ni kazi ya kustaajabisha. Kinachoiyumbisha ni sayari yenye uzito walau kama wa dunia yetu, inayoizunguka kila siku 11.

Iko kilomita milioni 7 hivi kutoka kwa nyota yake. Sisi tuko milioni 150 kutoka kwa jua. Mbona haiungui? Proxima ni nyota kibete nyekundu, yenye uzito wa asilimia 12 hivi ya jua. Ni kama jiko la makaa yanayofifia: usiposogea, huoti. Kwa umbali huo maji yanaweza kubaki majimaji. Ndiyo maana inasemwa iko katika ukanda wa uhai, na maneno hayo hayaahidi zaidi.

Shida ni hewa. Nyota za aina hii hulipuka mara kwa mara, na eksirei zake zinaweza kuipeperusha angahewa ya sayari hadi ubaki mwamba mtupu. Elimu ya eksirei za angani ina deni la shukrani kwa Kenya: Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengewa kazi hiyo, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970.

Ogembo iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, hivyo tunaona anga ambayo London haionekani. Mei au Juni, saa tatu usiku, tazama kusini utafute Msalaba wa Kusini. Kushoto kwake kuna nyota mbili angavu. Iliyo mbali zaidi na msalaba ni Alpha Centauri. Proxima iko jirani yake, ila bila darubini huioni. Walimu wa shule za bweni Gucha, watoeni wanafunzi nje muwaonyeshe.