Hundi Ikirudi, Usiirudishe

Mama mmoja, mpishi wa hoteli ndogo, alikuja kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa picha ya hundi yake ya mshahara, imepigwa kwa simu ya mwanawe na kuchapwa stesheneri. Kidole gumba cha mpiga picha kilifunika nusu ya sahihi. Hundi yenyewe alishampa bosi, aliyemwambia, "Mama, ilete nikuandikie nyingine." Hiyo nyingine hajaiona mpaka leo.

Siku hizi wengi hulipwa kwa akaunti au kwa simu. Hundi imebaki kwa wakandarasi wadogo, shule binafsi, hoteli na kampuni za ulinzi ambazo mwisho wa mwezi huzikuta zimekauka. Bosi anaandika hundi akiomba Mungu mteja alipe kabla hujafika benki. Mteja halipi, hundi inarudi, nawe unakatwa ada juu yake.

Jambo la kwanza kulishika: hundi iliyorudi si malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaanzia kwenye fedha taslimu, zinazolipwa mahali pa kazi, saa za kazi, siku mliyokubaliana. Hundi na akaunti ya benki huingia kwa ridhaa ya mfanyakazi. Kwa hiyo deni liko palepale, na ile ada ya benki unaweza kuidai pamoja nalo.

Na hiyo karatasi mkononi mwako ina thamani kuliko unavyodhani. Mfanyakazi ambaye mshahara wake haukuingia tu huanza kwa kuhangaika kuonyesha kwamba anadai, na anadai kiasi gani. Wewe umeandikiwa: jina lako, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, sahihi. Benki nayo imeongeza kikaratasi cha sababu, mara nyingi kikisema "mwone mtoaji", lugha ya adabu ya kukuambia akaunti haina kitu. Toa nakala za pande zote mbili, na hicho kikaratasi usikitupe. Bosi akitaka hundi yake, aje na fedha, mbadilishane hapohapo.

Kisha mwandikie. Barua ya nusu ukurasa inatosha: mwezi gani, kiasi gani, hundi imerudi lini, unataka ulipwe siku gani. Asaini nakala yako kwamba ameipokea. Akikataa, mtumie WhatsApp. Yule mama alikuwa na ujumbe kumi na moja wa bosi: "vumilieni", "Ijumaa bila kukosa", "msinichafulie jina". Aliuona kama kero, mimi niliuona kama kukiri deni. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kutumika kama ushahidi, basi usiufute kwa hasira.

Wasiwasi wangu mkubwa ni kalenda. Madai ya mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ukiwa umeachishwa kazi na unapinga kuachishwa kwenyewe, una siku 30 tu. "Ijumaa bila kukosa" nane tayari ni karibu miezi miwili. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, lakini lazima utoe sababu ya maana, na "bosi aliniahidi" ni sababu dhaifu. Kuna wanaokimbilia polisi kwanza. Kesi ya jinai, hata ikifika mbali, lengo lake ni adhabu, na siku 60 haziisubiri.

Mtego mwingine ni kususa. Hasira inaeleweka, lakini kukosekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa kubwa la nidhamu, na mwajiri aliyeishiwa anaweza kulidaka kwa furaha: anapata sababu ya kukufukuza badala ya kukulipa. Mgomo nao haufai hapa. Sheria inauruhusu katika migogoro ya maslahi, mfano kudai nyongeza. Mshahara ambao tayari ni haki yako ni lalamiko, na lalamiko huenda Tume. Kama hali haivumiliki kabisa, kuacha kazi kwa sababu hiyo kunaweza kuhesabiwa kuwa umeachishwa, ila pata ushauri kabla hujaandika barua ya kuacha.

Tume yenyewe haitishi. Unajaza Fomu Na. 1, nakala unampa mwajiri, unabaki na uthibitisho kwamba ameipata. Usuluhishi unapangiwa siku 30. Mwajiri asipotokea siku ya kikao, msuluhishi ana mamlaka ya kuamua lalamiko bila yeye. Mkishindwana mnakwenda kwenye uamuzi, na tuzo ikitoka inatekelezwa kupitia Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Huna mkataba wa maandishi? Wengi hawana. Mwajiri ndiye anayepaswa kukuandikia masharti ya ajira, na akishindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwake. Mkiwa wengi, mwiteni pia afisa kazi: ana mamlaka ya kuingia, kukagua kumbukumbu za mishahara na kutoa amri.

Yule mama alikuja siku ya 71. Tulijaza maombi ya kuongezewa muda, tukaambatisha ujumbe wote kumi na moja. Kabla hajaondoka nilimwomba aangalie taarifa yake ya NSSF kwenye simu. Hati zake za mshahara zilionyesha makato kila mwezi bila kuruka hata mmoja. Kwenye akaunti yake, michango ilikuwa imekoma miezi saba kabla hundi haijarudi.