Ukoma wa njugu: usiitupe mbegu, haina kosa

Mkulima amepanda njugu nyasa zake vizuri. Wiki chache baada ya kuota, baadhi ya mashina yanadumaa. Majani yanakuwa madogo, yanajikunja na kubanana pamoja, mengine yanageuka manjano. Siku ya kuvuna anang'oa shina na kukuta maganda mawili matatu, au hakuna kabisa. "Mbegu mbovu hii," anasema, na ile aliyoiweka akiba anaitia chunguni. Mwengine anasema ni jicho baya.

Wasikilizaji wetu mnaolima njugu Pemba, leo tunaeleza ugonjwa huu. Wataalamu wanauita ukoma wa karanga. Jina lisikutishe: haumpati binadamu, na njugu chache zilizopatikana kwenye shina lenye ugonjwa zinalika bila madhara. Tunachotaka mkijue ni kimoja: ugonjwa huu haurithiwi kwenye mbegu. Unaletwa na virusi, na ukivijua jinsi vilivyoumbwa utajua pa kuvikatia njia.

Uliandikwa kwanza jirani yetu

Maandishi ya mwanzo ya kisayansi kuhusu ugonjwa huu yalitoka Tanganyika mwaka 1907. Aliyeuandika ni Zimmermann, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Wajerumani cha Amani, katika milima ya Usambara, ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Miaka ya 1920, mtafiti Storey, ambaye baadaye naye alifanya kazi Amani, alishiriki kuonesha kwamba anayeubeba ni kidukari, yule mdudu mdogo ambaye wengine humwita mdudu mafuta. Ni huyo huyo mweusi mnayemwona amejazana kwenye vichomozo vya kunde, sisimizi wakimzunguka.

Lakini swali lilibaki: ndani ya kidukari huyo kuna nini hasa? Jibu lilichukua miaka mingi zaidi.

Si mmoja, ni watatu

Kila kiumbe kina maelekezo ya jinsi ya kuumbwa, yaliyoandikwa kwa herufi za kikemikali. Maelekezo hayo ndiyo yenye jeni. Maelekezo ya mmea wa njugu yana herufi zaidi ya bilioni mbili. Kirusi kina chache mno, na kwa hivyo hakiwezi kuishi peke yake. Huingia ndani ya mmea na kuutumia mmea huo kujinakili.

Kwenye ukoma wa njugu, watafiti walikuta washirika watatu.

Wa kwanza ni kirusi msaidizi, kilichotambuliwa mwaka 1968. Hiki kinajitosheleza. Kina maelekezo ya kutengeneza koti la protini linalokifunika na kukilinda. Kikiingia peke yake kwenye mmea, kwa kawaida huoni dalili.

Wa pili ni kirusi cha ukoma chenyewe, chenye herufi 4,019 tu. Ajabu yake ni kwamba hakina kabisa maelekezo ya kutengeneza koti.

Wa tatu ni kipande kidogo kuliko vyote, cha herufi kama 900. Wanasayansi wanakiita satelaiti, kwa sababu hakiwezi kujinakili bila kirusi cha pili. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Scotland na kuchapishwa mwaka 1988 ulionesha kwamba hiki kidogo ndicho kinacholeta sehemu kubwa ya dalili tunazoziona.

Nguo ya kuazima

Wazee wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kirusi cha ukoma kinaenda kinyume na methali hiyo. Kikiwa ndani ya mmea pamoja na msaidizi, huvaa koti la msaidizi, na satelaiti ndiyo inayowezesha kuvaa huko. Kidukari akifyonza utomvu wa mmea huo kwa saa kadhaa, virusi vyenye koti hupita tumboni mwake, vikaingia mwilini na kufika kwenye mate. Tangu hapo kidukari huyo ni mbebaji kwa maisha yake yote.

Bila koti, safari hakuna. Wakati mwengine kidukari hugusa mmea kwa muda mfupi, akaacha kirusi cha ukoma na satelaiti, lakini msaidizi asishike. Mmea utaumwa, ila ugonjwa utakomea hapo. Hakuna kidukari atakayeweza kuuchukua kutoka kwenye mmea huo.

Kirusi kinawezaje kukosa kitu muhimu kama koti? Virusi vya aina hii hujinakili kwa haraka na bila kukagua, mfano wa mtu anayenakili barua gizani. Makosa ni mengi. Makosa mengi hukiua kirusi, machache hukifaa, na mengine hayaonekani kwa sababu jirani anaziba pengo. Anayeishi daima na mwenye koti hapotezi kitu akikosa la kwake. Makosa hayo hayo ndiyo yaliyozaa satelaiti za namna tofauti: moja huleta ukoma wa manjano, nyengine ukoma wa kijani.

Vilitoka wapi?

Njugu nyasa asili yake ni Amerika Kusini. Zililetwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Lakini ukoma huu unajulikana Afrika na visiwa vyake tu. Kwa hivyo virusi havikuja na njugu. Vilikuwa huku huku, katika mimea mengine, na njugu zilipofika vikahamia kwa mgeni ambaye hakuwa na kinga.

Hasara yake si ya mchezo. Mwaka 1975 kaskazini mwa Nigeria uliharibu njugu kwenye eneo la hekta kama 700,000.

Hata hivyo, mwaka 1952 watafiti walikuta njugu za kienyeji zinazostahimili, mpakani mwa Côte d'Ivoire na nchi ambayo leo ni Burkina Faso. Ustahimilivu huo unatokana na jeni mbili zinazojificha: hauonekani mpaka mmea uzirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Ndiyo maana kuzalisha mbegu hizo kulichukua miaka mingi. Aina moja iliyopatikana inaitwa Nsinjiro kule Malawi na Serenut 2 kule Uganda. Nayo si kinga kamili. Inazuia kirusi cha ukoma na satelaiti yake, lakini msaidizi bado huingia.

Makondeni kwetu tufanye nini?

Mtandao wa washirika watatu una udhaifu: ukikosekana mmoja, ugonjwa hausafiri. Na kwa kuwa haumo ndani ya mbegu, kila msimu lazima uletwe upya kutoka kwenye mmea ulio hai.

Kwanza, ng'oa maotea. Njugu zilizosahaulika ardhini huota zenyewe baada ya mavuno, na hizo ndizo zinazovusha ugonjwa kutoka masika hadi vuli.

Pili, panda mapema, mvua zinapoanza, na wakati mmoja na majirani. Anayechelewa hupokea vidukari waliokwisha kushiba virusi kwa wenzake.

Tatu, usiache mapengo. Vidukari wenye mbawa hutua zaidi pale udongo ulipo wazi kati ya mashina.

Nne, usitegemee dawa ya kupulizia kuponya. Inaweza kupunguza vidukari, lakini mmea ulioambukizwa haurudi.

Tano, mbegu yako iweke. Chagua punje nene zilizokomaa na uzipande. Lakini usichanganye na kunde: batobato ya kunde, inayoenezwa na vidukari hao hao, huweza kupita ndani ya mbegu. Kunde zenye majani ya mabaka usizitoe mbegu.

Ukiona dalili tulizozieleza, piga picha kwa simu yako umuoneshe bwana shamba au bibi shamba wa shehia yako, na umuulize kuhusu aina zinazostahimili.

Mkulima mmoja wa Micheweni akisafisha konde lake na jirani akaacha maotea, vidukari watavuka mpaka bila kuuliza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hawa wa mimea ni vivyo hivyo. Zungumzeni kabla ya mvua.