Maziwa yasiyoganda: mabaki ya dawa katika chakula chetu cha halali

Akina mama wanaogandisha maziwa nyumbani wanaifahamu hali hii. Maziwa yamenunuliwa asubuhi kwa muuzaji yule yule, yamechemshwa, yamepozwa, yametiwa kijiko cha mtindi wa jana na kufunikwa vizuri. Kesho yake chombo kinafunuliwa, na maziwa yangali majimaji. Lawama huangukia mtindi wa jana, au baridi ya usiku, au mkono wa aliyeyaandaa. Mara nyingi lawama hizo ni za haki. Ipo hata hivyo sababu nyingine isiyotajwa sana jikoni: ng'ombe aliyekamuliwa maziwa yale alikuwa katika matibabu, na dawa aliyopewa ikapita katika maziwa na kuwaua bakteria wale wale wenye kazi ya kugandisha.

Antibaiotiki haimtambui bakteria wa maradhi na bakteria wa mtindi. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hutiwa penisilini kupitia chuchu. Mwenye ndigana baridi, maradhi yaenezwayo na kupe, hudungwa sindano ya oksitetrasaiklini. Dawa huingia katika damu, ikaenda katika nyama, ini, figo na kiwele, kisha mwili ukaiondoa kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo chupa ya dawa ya mifugo huwa na maandishi madogo yanayotaja muda wa kusubiri, yaani siku ambazo mnyama huyo asichinjwe wala maziwa yake yasinywewe. Kwa oksitetrasaiklini ile ya kukaa mwilini muda mrefu, lebo nyingi huandika siku 28 kabla ya kuchinja. Wangapi miongoni mwa wafugaji wetu huyasoma maandishi hayo, nasi wanunuzi tumewahi kuwauliza?

Wazo la kumsubirisha mnyama si geni kwetu Waislamu. Wanafunzi wa fiqhi hufundishwa habari ya jallala, mnyama aliyezoea kula najisi. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikataza kula nyama yake na kunywa maziwa yake, kama alivyosimulia Ibn Umar katika Hadithi zilizopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Imepokewa pia kwamba Ibn Umar mwenyewe alikuwa akimfungia kuku siku tatu kabla ya kumla. Wanazuoni walikadiria siku nyingi zaidi kwa mbuzi, ng'ombe na ngamia, na wakahitilafiana katika idadi, ila shabaha yao ilikuwa moja: mnyama alishwe kilicho safi mpaka kile alichokibeba kimtoke. Hatusemi kwamba mnyama aliyetibiwa ni jallala. Hukumu ya jambo hilo tunawaachia maulamaa. Tunachosema ni kwamba aliyekwisha kuielewa hekima ya siku zile tatu za kuku hatapata taabu kuielewa lebo ya chupa ya dawa.

Kisha tukumbuke kwamba Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 168, haikutaja halali peke yake. Imeiambatanisha na tayyib, kilicho chema. Katika mabucha yetu tumekuwa hodari wa kuulizia neno la kwanza, nani amechinja na ameelekea wapi, na la pili tumelisahau.

Madhara yenyewe ni ya namna mbalimbali. Mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini aweza kutokwa na vipele, akavimba, na pengine hali ikawa mbaya zaidi, ilhali hajui kwamba ameinywa katika kikombe cha chai ya maziwa. Kuna kloramfenikoli, ambayo kwa watu wachache huuzuia uboho wa mifupa kutengeneza damu. Kwa kuwa haikuwezekana kuweka kiwango ambacho ni salama kwa mlaji, nchi nyingi zimekataza kabisa kuwapa dawa hiyo wanyama wa chakula. Balaa linaloenea pole pole kuliko yote ni usugu: bakteria wanaokutana na dawa kidogo kidogo kila siku hujifunza kuishi nayo, na siku mtoto anapougua homa ya kweli, sindano ya hospitali inakuwa kama maji.

Hapa wengi hujiliwaza kwa kusema, "Sisi tunachemsha." Kuchemsha ni wajibu, kwa kuwa kunaua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya homa ya kutupa mimba. Lakini dawa si kijidudu. Penisilini haiondoki kwa kuchemsha maziwa, na sufuria haiwezi kutegemewa kwa dawa nyingine nyingi.

Basi hujulikanaje? Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenye mali, alijibu kuwa ni mvua. Akamwuliza kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Mkono ule ulioingia ndani ya lundo ndio ukaguzi wenyewe. Taabu ya mabaki ya dawa ni kwamba hayana unyevu wala harufu wala rangi. Muhuri wa mkaguzi wa machinjio, ambao tunauheshimu, huonesha kuwa nyama imetazamwa kwa macho na kupasuliwa kwa kisu, hakuonekana tegu wala kifua kikuu. Juu ya dawa, kwa kawaida muhuri huo hausemi kitu.

Kwa maziwa, kipimo cha kwanza kinafanana na chombo cha mtindi jikoni. Katika kichupa kidogo kuna utelezi wa rangi ya zambarau, na ndani yake wamelala bakteria wa aina inayopenda joto. Hudondoshewa maziwa kidogo, kichupa kikapashwa moto wa karibu nyuzi 64 kwa muda wa saa tatu hivi. Maziwa yakiwa safi, bakteria huamka na kuzaana, hutoa asidi, na rangi hugeuka manjano. Ikibaki zambarau, kuna kitu kimewaua. Kipimo hiki husema tu kwamba kipo kitu. Ni dawa gani na kiasi gani, hayo ni kazi ya maabara kubwa zenye mashine za kutenganisha kemikali na kupima uzito wa molekuli zake. Kiwango kinachotafutwa ni kidogo ajabu. Mpaka uliowekwa na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ni maikrogramu 4 za penisilini katika lita moja ya maziwa. Kwa hesabu hiyo, gramu moja tu ikitawanywa sawasawa inatosha kuzifikisha mpakani lita 250,000.

Katika mazungumzo ya mitaani, hofu kubwa si ya antibaiotiki bali ya homoni, na anayeshutumiwa ni kuku wa nyama. Husemwa kwamba hadungwi hivi hivi akanenepa kwa wiki chache. Tunaona ni insafu kumtetea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walifuga pamoja kuku wa nasaba ya mwaka 1957 na wa nasaba ya mwaka 2005, wakawalisha chakula kile kile. Baada ya siku 56 wale wa zamani walikuwa na wastani wa gramu 905, na hawa wa sasa gramu 4,202. Tofauti hiyo imeletwa na kuchagua mbegu, kizazi baada ya kizazi. Cha kumuuliza mfugaji wa kuku ni antibaiotiki anazochanganya katika maji, na siku aliyoziacha.

Homoni kwa ng'ombe ni habari nyingine, na historia yake imeandikwa mbali na kwetu. Nchini Marekani kemikali iitwayo DES iliwahi kupewa wanawake wajawazito, na pia ng'ombe ili wanenepe. Mwaka 1971 madaktari waligundua saratani ya nadra kwa mabinti ambao mama zao waliitumia; kwa ng'ombe ilikuja kupigwa marufuku mwaka 1979. Mwaka uliofuata mabaki yake yalikutwa nchini Italia katika chakula cha watoto wachanga kilichotengenezwa kwa nyama ya ndama, na ghadhabu ya wazazi ndiyo iliyoisukuma Ulaya kuzikataza homoni za kunenepesha. Marekani hadi leo inaruhusu baadhi yake, zikipandikizwa chini ya ngozi ya sikio la ng'ombe, na pande hizo mbili zimegombana hadi katika Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 1990 huko Uhispania watu 135 walipatwa na mitetemo, mapigo ya moyo ya haraka na maumivu ya kichwa baada ya kula ini la ng'ombe waliopewa klenbuteroli, dawa ya kufungua kifua inayotumiwa na wadanganyifu kuongeza misuli.

Baada ya marufuku ukafuata mchezo wa paka na panya. Wadanganyifu walichanganya homoni nyingi kwa vipimo vidogo vidogo ili kila moja iwe chini ya uwezo wa mashine. Wapimaji wakajifunza kutafuta katika mkojo, katika nywele, hata katika jicho la ng'ombe, maana klenbuteroli hujificha humo muda mrefu baada ya kutoka katika nyama. Walipotumia homoni ambazo mnyama anazo kwa maumbile, wapimaji walichunguza kaboni iliyomo, kwa kuwa ile ya kiwandani hutokana na mimea kama soya na ina alama yake. Nchini Ubelgiji mkaguzi wa mifugo Karel Van Noppen, aliyewaandama wafanyabiashara wa homoni, aliuawa kwa risasi karibu na nyumba yake tarehe 20 Februari 1995. Mwaka 2002 watu wanne walihukumiwa kwa mauaji hayo. Alikufa kwa sababu ya sindano za ng'ombe.

Kwetu hakuna genge la namna hiyo, kwa hiyo si vizuri kumtazama mfugaji kama adui. Mwenye ng'ombe mmoja au wawili, ambaye maziwa ndiyo ada ya madrasa na unga wa nyumbani, akiambiwa ayamwage kwa siku kadhaa anaambiwa afunge njaa. Sehemu kubwa sana ya maziwa ya nchi hii hutoka zizini mpaka mlangoni bila kupita kiwandani, na hakuna kichupa cha zambarau kinachomngojea njiani. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, na maabara kuu ya mifugo iko Temeke, lakini hakuna maabara inayoweza kusimama katika kila uchochoro. Mnunuzi anayemwambia muuzaji wake, "Ng'ombe wako akitibiwa niambie, nami sitakuhama," anafanya jambo ambalo sheria haijaliweza. Twaongeza: na ampe malipo ya siku hizo, au nusu yake, mwenye uwezo. Msikiti wenye mfuko wa maafa hautakosa njia ya kumkopesha mfugaji jirani.

Imebaki Idd el-Hajj. Ng'ombe wengi wanaofika mnada wa Pugu wametoka mikoa ya mbali, na kabla ya safari au baada yake wapo wanaodungwa ili wasianguke. Muuzaji aulizwe amedungwa nini na lini. Akijibu kwa tarehe, hesabu ni nyepesi. Akijibu kwamba hajui, na huenda ni kweli hajui kwa kuwa mnyama amepita mikononi mwa madalali watatu, basi mwenye nafasi na amnunue mwanzoni mwa Dhul-Qaad, amfunge uani, amlishe majani safi. Hadi mwezi 10 Dhul-Hijja zitakuwa zimepita siku zipatazo 40.