Sura ya Nne: Asilimia Isiyo Yako

Karibu kila mhandisi wa programu anayetaka kusomea MBA huanza na swali lile lile: nafasi yangu ni asilimia ngapi? Akishasoma kwamba Stanford hupokea chini ya waombaji 10 katika kila 100, hujihesabia hiyo hiyo, utadhani udahili ni bahati nasibu na kila mtu kashika tiketi moja. Asilimia ile ni ya kundi zima. Humo wamo waliojaza fomu usiku wa mwisho, na wamo ambao wangepokewa mwaka wowote. Tovuti inayokuuliza alama, umri na uraia wako kisha ikakutajia asilimia yako ni mpiga ramli mwenye kompyuta, na wengine wanatoza ada!

Alama nazo zina uzushi wake. GMAT mpya ilianza Novemba 2023, na ya zamani ikaondolewa mapema 2024. Ya sasa huanzia 205 hadi 805, kila alama huishia na 5, na 645 iko karibu na 700 ya zamani. Bado naandikiwa na watu wenye 655 wanaojiona wameshindwa, kwa kuwa kaka fulani aliyesoma zamani aliwaambia bila 700 wasijisumbue. Mwenye 655 aachane na mtihani, ashughulikie mengine.

Hayo mengine nilikusudia kuyapanga kwa zamu: kazi, lengo, wapendekezaji. Lakini kuna mstari mmoja wa wasifu siwezi kuupita. Mhandisi wa Nairobi, kwenye kampuni ya malipo kwa simu, aliandika: "Nilihamisha hifadhidata na kupunguza muda wa majibu." Hongera. Tulipozungumza ndipo akagusia kwamba kabla ya kazi hiyo alishinda kutwa kwenye kibanda cha wakala Gikomba. Saa nne asubuhi floti ikaisha, wateja wakaanza kuondoka, kumbe pesa ya kuongezea ilishatumwa, mfumo tu ulikuwa unachelewa kuionyesha. Akarudi ofisini kubishana na watu wa fedha na wa mauzo, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa chini yake, hadi wakakubali mradi wao usubiri. Yote hayo aliyatupa, akabakiza hifadhidata, ambayo msomaji wa maombi huipitia bila kusimama. Nikamwambia, "Dada, huo ndio uongozi wanaoutafuta." Akanijibu, "Lakini sikuwa meneja." Wahandisi wengi wanaamini hivyo, na wanajinyima. Watu waliokubali kumfuata bila kulazimika wana uzito kuliko cheo cha kwenye kadi.

Tuje kwenye lengo. Anayebadilisha fani huulizwa hata kama swali halimo kwenye fomu: akimaliza, nani atamwajiri? Mhandisi huyu akisema anataka kusimamia bidhaa za fedha, anaeleweka papo hapo. Akisema mfuko wa uwekezaji, na mizania hajawahi kuisoma, itabidi aonyeshe hatua ya katikati. Hapo muundo wa masomo una maana kuliko jina la shule. Programu za miaka miwili za Marekani zina likizo ya kiangazi katikati, na ndipo mwajiri mpya hukujaribu kabla ya kukuchukua. INSEAD ni miezi 10: wanaoanza mwanzoni mwa mwaka hupata mwanya wa mafunzo kazini, wanaoanza Agosti au Septemba hawaupati. Kwa anayerudi kwenye fani yake, si hoja. Anayehama asubiri hiyo miezi michache.

Wapendekezaji ni jambo fupi. Mchukue bosi aliyekuona ukibishana na watu wa fedha, hata kama hakuna anayemjua nje ya jengo lenu. Mkurugenzi mkuu aliyekupa mkono kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka muache apumzike.