Muhuri wa Macho Yaliyofumbwa

Mwaka 1982 David Chaum, mtaalamu wa Marekani wa elimu ya maandishi ya siri, alieleza jinsi mtu awezavyo kuutia sahihi yake halali waraka asioyajua yaliyomo, na baadaye, waraka huo uletwapo mbele yake, akakiri kwamba sahihi ni yake, asiweze hata hivyo kutambua aliitia lini wala kwa ajili ya nani. Alichokihofia ni kwamba benki itoayo fedha kwa kompyuta, ikizitia sahihi yake, ingejua kila mteja ametumia nini, wapi na saa ngapi. Hofu hiyo mimi naiona ina haki zaidi leo kuliko siku zile.

Mfano wake ulikuwa bahasha yenye karatasi ya kaboni ndani: mwenye muhuri hugandamiza juu, nayo alama hupenya hata warakani bila ya jicho lake kuuona. Katika RSA, mfumo wa sahihi za kompyuta utumiao hesabu za baki na ufunguo wenye sehemu ya wazi na ya siri, bahasha hiyo ni namba. Mteja huchagua namba ya nasibu, akaipandisha kwa kipeo cha wazi cha benki, akaizidisha kwa namba ya waraka wake, na jawabu ndilo alipelekalo. Benki hulipandisha kwa kipeo chake cha siri. Vipeo hivyo viwili hutanguana, na kinachorudi ni sahihi ya waraka iliyozidishwa kwa ile namba ya nasibu, ambayo mteja huiondoa kwa kugawanya. Kwa kila waraka utakaodhaniwa, ipo namba moja tu ya nasibu iwezayo kuuzalisha ujumbe ule ulioifikia benki. Kwa hiyo hata ikipewa kompyuta zote za dunia, benki haitapata sababu ya kuuchagua waraka huu ikauacha ule.

Upande wa pili, wa kuzuia kughushi, ndio mgumu. Katika sahihi za kawaida, kughushi ni kutoa sahihi ya waraka ambao mwenye ufunguo hakuuridhia. Lakini mtia sahihi wetu hajui aliridhia nini, basi kughushi kutapimwa kwa kipimo gani? David Pointcheval na Jacques Stern walijibu mwaka 1996: kwa idadi, yaani aliyepewa sahihi 10 asiweze kutokea na 11. Sahihi za namna hii zilizojengwa juu ya mfumo mwingine, ule wa Schnorr, zilizopendwa kwa wepesi wake, hazikukidhi sharti hilo. Mwaka 2020 Fabrice Benhamouda na wenzake walibainisha kwamba katika vipimo vya kawaida, vya biti 256, mtu akiyafungua maombi yapatayo 256 kwa wakati mmoja, asilikamilishe hata moja mpaka yote yamefunguliwa, hupata sahihi moja ya ziada kwa hesabu nyepesi.

Hati ya kiufundi ya intaneti iitwayo RFC 9474, iliyotolewa mwaka 2023, imeshika njia ya RSA, naona kwa busara. Walakini burhani ile ya faragha inachukulia kwamba ufunguo wa wazi ni mmoja kwa wateja wote. Benki ikimpa kila mteja ufunguo wake peke yake, hesabu zote zitabaki sahihi, nayo itamtambua kila mmoja kwa kuangalia tu ni ufunguo upi unaoithibitisha sahihi yake; ndiyo maana ufunguo huo hauna budi kutangazwa hadharani, mahali ambapo wateja wote huuona mmoja na uleule.