Mshono Unaohama: Usimlaumu Fundi Cherehani

Tandaza kitandani fulana uliyopewa kwenye semina au kampeni za uchaguzi, kisha fuata mshono wa ubavuni kwa kidole kuanzia kwapani. Mara nyingi hautateremka wima. Utaanza vizuri, utapinda kidogo kidogo, na ukifika kwenye pindo utaukuta umeshahamia tumboni, huku mwenzake wa upande wa pili amekimbilia mgongoni. Watu husema aliyeishona hajui kazi. Zipo fulana ambazo hilo ni kweli, lakini nyingi zilimfikia fundi zikiwa kitambaa ambacho tayari kilikuwa na nia ya kujipinda.

Kitambaa cha fulana si ndugu wa kanga. Kanga ni nyuzi za wima na za mlalo zinazokatizana. Fulana ni vitanzi vitupu, kimoja kimepita ndani ya kingine, ndiyo maana inavutika. Kinachovifuma ni mashine ya duara: silinda ya chuma iliyochongwa mifereji kuizunguka, na katika kila mfereji imesimama sindano moja. Mashine ya kiwandani yenye kipenyo cha inchi 30 na sindano 28 kwa kila inchi ya mzingo hubeba sindano zipatazo 2,640. Kila sindano ina ndoano kichwani na kilimi kinachofunguka na kujifunga. Silinda inapozunguka, sindano hupanda, hudaka uzi, kisha hushuka. Kitanzi cha zamani hukifunga kilimi na kuteleza juu ya kile kipya. Chini ya mashine hutoka kitambaa cha mviringo, kisicho na mwanzo wala mwisho upande wa mapana.

Ilichukua muda mrefu kufika hapo. Mwingereza William Lee wa Calverton alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, lakini yake ilifuma kitambaa bapa kilichohitaji kushonwa. Mwaka 1816 Marc Brunel, mhandisi yuleyule aliyekuja kuchimba njia chini ya Mto Thames, alisajili mashine ya duara. Kilimi cha sindano kilipata sura inayotumika leo mjini Leicester miaka ya 1840, mikononi mwa Matthew Townsend, na bila kilimi hicho kasi ya sasa isingewezekana.

Kasi ndiyo kiini cha kesi yetu. Mashine ingekuwa na uzi mmoja tu, kila mzunguko ungeongeza mstari mmoja wa vitanzi. Hakuna kiwanda kitakachosubiri hivyo. Kuizunguka silinda hupangwa milisho ya nyuzi, 90 au zaidi, yote ikifuma kwa wakati mmoja, kwa hiyo mzunguko mmoja huzaa mistari 90. Mistari hiyo haiwezi kulala sawasawa. Lazima ipande kwa mshazari kama sentimita nne au tano kwa kila mzunguko. Mwinamo huo ni mdogo, lakini umo ndani ya kitambaa.

Mkosaji mkubwa zaidi ni uzi wenyewe. Pamba husokotwa ili ishikamane, na uzi wa njia moja uliosokotwa sana daima hutafuta nafasi ya kujisokotoa. Ukilowa, nyuzinyuzi huvimba, vitanzi hupata uhuru, na kila kimoja hugeuka kidogo kuelekea upande uleule. Kitanzi kimoja hakionekani. Maelfu yakigeuka pamoja, mshono unahama. Kiwandani kitambaa kilivutwa, kikanyooshwa na kukaushwa kikiwa kimelazimishwa kukaa wima, na dukani kinakupendeza. Beseni la kwanza la maji humaliza usanii huo.

Kuna fulana za bei rahisi zilizofumwa kwa upana wa kifua, hazina mshono wa ubavuni kabisa. Nazo hujipinda vilevile, ila hazina shahidi!

Dawa zipo, na zote zinaongeza gharama au muda. Unaweza kutumia uzi wa njia mbili. Unaweza kupanga nyuzi zilizosokotwa kulia zipishane na zilizosokotwa kushoto. Unaweza kufuma kwa seti mbili za sindano, kitambaa kikawa na nyuso mbili zinazozuiana. Au unaweza kupunguza kasi. Wakayama, Japani, bado kuna mashine za kale zinazoning'inizwa darini ambazo hufuma takriban mita moja kwa saa, wakati mashine ya kisasa hupita mita moja kwa dakika. Uzi wa mashine hizo za kale hauvutwi kwa nguvu, na wapenzi wa fulana hulipa bei kubwa kwa sababu hiyo.

Kitambaa cha fulana za kola ni habari nyingine, na binafsi nakiona ndicho kazi nzuri kuliko zote za mashine hii. Sindano inaweza kufuma, kupumzika, au kufanya jambo la katikati: kupanda nusu, ikadaka uzi mpya bila kuachia kitanzi cha zamani. Vikiachiwa pamoja baadaye, hapo panavimba na kuacha kijitundu. Rudia kwa mpangilio na unapata uso wa vijishimo kama sega la nyuki, unaopitisha hewa na usiogandamana na jasho. René Lacoste, bingwa wa tenisi aliyechoka na mashati ya mikono mirefu, alishirikiana na mwenye kiwanda André Gillier wa Troyes, Ufaransa, mwaka 1933 kuuza fulana za kitambaa hicho. Leo huvaliwa na walinzi, wauzaji wa vocha na wanafunzi siku ya michezo.

Kwetu Tanzania sehemu kubwa ya pamba huuzwa nje kabla haijawa uzi. Kiwanda kama Sunflag cha Arusha, kinachosokota, kufuma na kushona, kinaweza kulipeleka lalamiko la mshono hadi kwa msokotaji. Anayekata kitambaa kilichoingia kwa kontena hana wa kumuuliza.

Kwa hiyo neno langu ni kwa walimu wakuu, kamati za harusi na maofisa manunuzi, mnaobishana siku nzima juu ya rangi na nembo. Ombeni fulana moja ya mfano kabla ya kulipa. Ifueni mara tatu, ianikeni, kisha pimeni mshono umehama kiasi gani pale kwenye pindo. Fulana ya urefu wa sentimita 60 ikihama zaidi ya sentimita tatu, irudisheni.