Muziki Uliofungiwa Kabatini Upewe Sauti

Akiba haiozi, walinena wahenga. Hata hivyo, ipo akiba moja inayooza: muziki ulioandikwa karatasini ukakosa wa kuucheza.

Taja kinanda cha mabomba, na wengi watakumbuka Tokata na Fuga ya Johann Sebastian Bach. Ni wangapi wanaojua kwamba Mnigeria Ayo Bankole, aliyeishi kati ya 1935 na 1976, naye aliitungia ala hiyo Tokata na Fuga? Ni wangapi waliosikia "Obangiji" au "Oyigiyigi" za Fela Sowande (1905–1987), aliyezitia nyimbo za Wayoruba katika kinanda cha kanisani? Kosa si la watunzi. Kinanda cha mabomba ni ghali, hujengwa ndani ya jengo, na wanaoruhusiwa kukigusa ni wachache.

Siku hizi tarakilishi imeufungua mlango huo. Mafundi huenda kanisani kukiwa kimya, wakanasa sauti ya kila bomba peke yake, tangu hewa inapoingia hadi mwangwi unapofifia. Programu kama Hauptwerk, au GrandOrgue ambayo hutolewa bure, huirejesha sauti hiyo mchezaji anapobonyeza kibonye. Hivyo ndivyo kinanda alichokijenga Henry Willis katika Kanisa Kuu la Salisbury, Uingereza, mwaka wa 1877, kinavyoweza kusikika katika chumba cha kulala.

Wapo wanaodai kwamba huu ni uigaji mtupu. Wana hoja. Mchezaji wa chumbani hausikii upepo ukihema mabombani, wala hangoji sauti imrudie kutoka upande wa pili wa kanisa. Lakini kwa muziki wa Sowande na Bankole, mara nyingi chaguo si kati ya kinanda halisi na cha tarakilishi. Ni kati ya tarakilishi na kimya.

Hata hivyo, chombo hakijichezi. Sowande alikuwa mcheza kinanda mjini London kwa miaka mingi. Anayemrekodi sharti achague kinanda cha Kiingereza, asimvike joho la Mjerumani wa karne ya 17. Aidha, amweleze msikilizaji bayana kwamba sauti ni ya Salisbury, mikono ni yake, na kanisa hakuliingia.

Walimu wa muziki, jukumu hili ni lenu. Mwanafunzi mwenye nota, tarakilishi na kinanda kidogo cha umeme kinachounganishwa nayo anaweza kuanza. Kanyagio zikikosekana, wawili washirikiane, mmoja akiicheza kwa mkono sehemu iliyoandikiwa miguu. Waanze na ukurasa mmoja tu. Ukichezwa na kunaswa vyema, mtunzi atakuwa amepata msikilizaji ambaye jana hakuwa naye.